Mmepiga picha mdomo, mkono mkauacha! Waandaaji wa mashindano ya gripa, huu ni uonevu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Hivi karibuni kulikuwa na shindano la nguvu za mkono hapa Dar. Sitaji gym wala waandaaji, wenyewe wanajijua na humu wanaingia. Kijana mmoja tunayefanya naye mazoezi, fundi wa kuchomelea mageti, amebana gripa Na. 3, ile springi ya mishikio miwili ya kubana kwa kiganja, mbele ya umati. Mishikio imegusana. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake na nimeona kwa macho yangu. Zinakuja kutoka picha za waandaaji, ambazo kijana wa watu kalipishwa elfu ishirini ili azipate, hakuna hata moja inayoonyesha mishikio! Kuna mdomo umeachama, kuna mishipa ya shingo imetoka, kuna bango la mdhamini limeonekana safi mpaka namba ya simu inasomeka. Mkono wenyewe uko pembeni ya picha, umepaushwa na flashi na umejaa ukungu.

Sasa hivi kwenye makundi ya mazoezi anaitwa mwongo. Na mimi siwezi kuwakasirikia wanaodai ushahidi, maana hata mimi ningeudai. Hasira zangu ziko kwa waliopewa kazi ya kuutunza ushahidi huo, wakalipwa, halafu wakapiga picha za kupamba kurasa zao.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: gripa ni ile springi ngumu yenye mishikio miwili ya chuma, unaibana kwa mkono mmoja mpaka mishikio igusane. Hizi za chapa ya Captains of Crush zinatengenezwa na kampuni ya IronMind ya Marekani, na Na. 3 inahesabiwa pauni 280, yaani kama kilo 127. Richard Sorin ndiye wa kwanza kutambuliwa rasmi kwa kuifunga, mwaka 1991. Na. 4 ni pauni 365, karibu kilo 166, na Joe Kinney aliifunga mwaka 1998. Na. 2 ni pauni 195 tu, na kuna watu wenye miili mikubwa kabisa wanakwama hapo miaka na miaka. Kwa hiyo kijana anayechomelea geti mchana kutwa, jioni anaenda kubana chuma mpaka ngozi ya kiganja inachubuka, akifika Na. 3 amefanya jambo zito. Anastahili picha moja inayoonekana. Moja tu!

Ugumu wa gripa wote uko mwishoni. Kuisogeza mpaka ibaki nafasi ya unene wa kidole wengi wanaweza. Zile milimita za mwisho ndizo zinazotenganisha watu, na ndizo ambazo picha lazima izionyeshe. Ncha za mishikio zinakutana chini, upande wa kidole kidogo. Kamera inatakiwa iwe hapo, usawa wa ncha zile, imeelekea mwanya moja kwa moja. Ukisimama kwa mshazari, mshikio wa mbele unaufunika mwanya na gripa iliyobaki wazi inaonekana imefungwa. Ukipiga kutoka juu ndiyo kabisa, unapata migongo ya vidole na springi. Huyu mpiga picha wao alikuwa juu ya jukwaa, kasimama wima, anavuta picha kwa vidole kutoka mbali! Ukivuta hivyo simu nyingi zinakata tu kipande cha picha na kukikuza, hakuna kipya unachopata zaidi ya vidoti.

Halafu taa. Mishikio ya gripa ina meno meno ya kung'ang'ania ngozi, na ni chuma kinachong'aa. Ukiipiga flashi ya ana kwa ana unapata doa jeupe, ncha mbili zinaungana kuwa mng'ao mmoja na hakuna anayeweza kusema kama zimegusana au la. Msogeze mtu mlangoni mwanga uje kwa ubavu, na nyuma ya mkono mtu ashike karatasi nyeupe. Kama kuna mwanya, weupe wa karatasi utapenya katikati ya mishikio na kila mtu atauona. Kama hakuna, utaona chuma juu ya chuma. Karatasi moja ya A4, wakuu. Walishindwa karatasi ya A4!

Na mkono unaobana kwa nguvu zote unatetemeka. Kwenye giza la gym simu inaacha lenzi wazi muda mrefu, mtetemo wote unaingia kwenye picha, ndiyo ukungu wenyewe ule. Suluhisho ni mwanga mwingi, na kurekodi video ya fremu 60 kwa sekunde badala ya kusubiri kubonyeza picha moja, kwa sababu mishikio inaweza kugusana kwa muda mfupi kuliko unavyopepesa jicho. Ila usiibandike simu kwenye mkono wa mtu. Kamera kuu za simu nyingi hazioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita kumi hivi, fokasi inakimbilia ukutani nyuma. Na ile kamera ya makro, ya kupigia vitu vya karibu, ya megapikseli 2 iliyowekwa kwenye simu za bei nafuu, achana nayo. Rudi nyuma kidogo, gusa kioo palepale kwenye ncha za mishikio ili fokasi ikae hapo, ndipo umwambie abane.

Mwanzo nao unahitaji picha, na hapa ndipo waandaaji walipoharibu zaidi. Ili ihesabike, mishikio inatakiwa ianze ikiwa wazi angalau upana wa kadi ya benki, milimita 54 hivi, na mwamuzi anapitisha kadi yenyewe kati ya ncha kabla ya kuruhusu. Mwamuzi alipitisha kadi, nilimwona. Kamera wakati huo ilikuwa inamrekodi mshereheshaji! Maana yake hata angepatikana mtu wa kuthibitisha mwisho, atakayetaka kupinga atasema kijana alianza gripa ikiwa imeshabanwa nusu kwa mkono wa pili. Atajibiwa na nini?

Kuna na nyie mnaosambaza. Picha ikitumwa kama kawaida kwenye kundi la WhatsApp inabanwa, ikipakuliwa na kutumwa upya kundi la pili inazidi kuchoka, mpaka inafika kwa wabishi ni uji mtupu. Itumeni kama dokumenti. Na acheni kupitisha picha ya ushahidi kwenye programu za kulainisha ngozi na kunoa picha, zinabuni kingo ambazo kamera haikuziona. Picha ya namna hiyo haimtetei mtu, inampa adui yake sababu.

Wanaosema "tuamini tu, tulikuwepo", hapana. Mimi nilikuwepo na bado nasema haitoshi. Aliyeko Mwanza au Mombasa hakuwepo, na ana haki ya kuona alichokiona aliyekuwepo.

Waandaaji, nataka majibu hapa hapa. Video asilia, ile ambayo haijakatwa wala kuwekewa muziki, iko kwa nani? Kulikuwa na kijana wenu wa pili mwenye kamera upande wa kushoto wa meza, chini, karibu kabisa na mkono. Yule anaweza kuwa nayo. Itoeni yote, kuanzia kadi inapopita. Kama mmeifuta, mrudishieni elfu ishirini yake, mwekeni tena mezani na gripa ileile na mwamuzi yuleyule, na safari hii kamera ikae usawa wa kidole kidogo.