Nimemjengea mwalimu nyumba ya vioo ya maua, imegeuka tanuri. Nimekosea wapi?

FundiMageti ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Chang'ombe, Dodoma. Mageti na madirisha ndiyo kazi yangu. Maua siyajui, ila yameniletea aibu ndiyo maana nimebisha hodi kwenu.

Mwezi wa tisa mwalimu mmoja mstaafu wa Ilazo alinionyesha picha kwenye simu, ile nyumba ya minazi ya bustani ya Kew, London. Akasema, "Baba, nataka hii hii, ila ndogo, nyuma ya nyumba." Nikacheka. Usiku nikakaa kuisoma. Ilijengwa kati ya 1844 na 1848, na Richard Turner aliyefua vyuma vyake aliazima ufundi wa wajenga meli, mbavu zimepindwa kama meli iliyofudikizwa. Nikaingiwa na wivu wa kazi, sifichi.

Basi nikajenga. Mita nne kwa tatu, paipu za mraba za inchi moja na nusu nimezipinda mwenyewe, vioo vya milimita nne kila upande mpaka paani, silikoni kwenye kila kiungo. Mlango mmoja tu. Nilijisifu kwamba hata vumbi la Dodoma halipenyi. Mwalimu akaingiza maua yake: anturiamu sita, kalathea, okidi mbili za kutoka Arusha, na yale ya zambarau ya Usambara kwenye vikopo.

Wiki ya pili akanipigia. Nilifika saa nane mchana na kipimajoto. Digrii 49! Kalathea zimejikunja kama sigara, ukigusa jani linavunjika. Okidi zina baka jeupe kama ngozi iliyomwagikiwa chai. Mwalimu hajanigombeza, amesema tu "tumshukuru Mungu," na aliyesomeshwa na walimu wa zamani anajua hiyo maana yake nini. Hela iliyobaki sina uso wa kuidai.

Wenzetu wanafanyaje? Mbona kwao ni vioo vitupu na maua yananawiri?

Tumbili wa Kizota:

Mkuu, ingiza trei za mikate humo, mwezi mmoja hela imerudi.

Mpitanjia77:

Pole fundi. Mimi nilisoma Reading, Uingereza, na Kew nilikuwa naenda kukimbia baridi. Unatoka kwenye upepo wa Februari, unaingia nyumba ya minazi, miwani inajaa ukungu huoni mbele, unasikia harufu ya udongo mbichi unadhani umeshuka Muheza. Jibu lako liko hapo. Ile nyumba ilijengwa kupigana na baridi. Zamani ilikuwa na maboila ya makaa ya mawe chini ya sakafu, moshi unapita kwenye handaki mpaka mnara ulio mbali ili usiharibu mandhari. Wewe umechukua koti la Ulaya ukamvika mtu wa Dodoma mwezi wa kumi.

Na bado hata wao waliliogopa jua. Mwanzoni waliweka vioo vya rangi ya kijani ili majani yasiungue. Moshi wa London ulipozidi na mwanga kupungua, wakabadilisha, wakaweka vyeupe.

Irudie ile picha, uitazame kama fundi. Kuna sehemu za kufunguka chini na nyingine juu kabisa paani. Hewa ya moto ikikosa pa kutokea juu, inakaa humo humo na majani. Halafu asubuhi wahudumu wanamwagia maji sakafuni. Sisemi mimea, nasema sakafu, ili hewa yenyewe iwe na unyevu.

Kuna nyumba nyingine hapo hapo, ilifunguliwa 1987, ina hali ya hewa kumi tofauti chini ya paa moja, na kompyuta ndiyo inayozisimamia. Okidi kwao, mimea ya jangwani kwao. Mwalimu amewalaza wote chumba kimoja.

Bi Mkubwa wa Amani:

Mwanangu fundi, mimi nimezaliwa Amani, kule milima ya Usambara, ilipo ile bustani waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902. Mvua ya kule inakaribia milimita 1,900 kwa mwaka. Dodoma ni kama 570, nayo karibu yote inamwagika kati ya Desemba na Aprili. Mnataka ua liishi vipi?

Hayo ya zambarau tukiwa watoto tuliyaona kwenye mawe yenye kivuli, hakuna aliyeyapanda. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao. Mwaka uliofuata Wendland, wa bustani ya Herrenhausen kule Hannover, akayaita Saintpaulia. Yamekuwa maua ya madirishani dunia nzima, leo yanarudi kwetu kwenye kikopo cha plastiki, yananunuliwa kwa bei! Na ile zedizedi ya majani ya kung'aa inayowekwa maofisini nayo ni ya pande zetu hizi. Haya, yaishe.

Mwambie mwalimu ayatoe humo leo. Dirisha la mashariki lenye pazia jepesi linatosha. Asiyamwagie maji baridi juu ya majani, yataweka madoa. Aweke maji kwenye kisahani chini ya kikopo, nusu saa, kisha ayamwage.

Kitalu Ntyuka:

Fundi, chuma chako usikiguse. Toa vioo vyote vya paa na vya juu ubavuni, vuta shedineti, neti ya kivuli, nyeusi ya kuzuia asilimia 70 ya jua. Vioo vya chini upande unakotoka upepo viache, hivyo vitakusaidia mwezi wa sita usiku baridi ikija.

Upande mmoja jenga ukuta wa mkaa: waya wa kuku mara mbili, mkaa katikati, paipu yenye matundu juu inadondosha maji polepole. Hapa kwetu hewa kavu ndiyo bahati yako. Maji yanakauka haraka, na yakikauka yanaondoka na joto. Dar ukifanya hivyo utaloa tu.

Swali moja: vyungu vyake vina ukoko mweupe mdomoni, na ncha za majani ni za kahawia?

FundiMageti:

Nimepita kwake kuangalia. Ndiyo, ukoko upo, unakwangulika kwa ukucha.

Kitalu Ntyuka:

Chumvi ya maji yetu hiyo. Kila akimwagilia maji kidogo, maji yanakauka, chumvi inabaki. Mara moja kwa wiki mbili amwage mengi mpaka yatoke chini ya chungu kwa muda, asiache yasimame. Mvua zikianza akinge kwenye simtanki, ya paa ya mwanzo aiache iende na vumbi lake. Okidi na kalathea zipewe maji ya mvua tu.

FundiMageti:

Mrejesho wakuu. Vioo vya paa vimetoka, neti iko juu, mkaa magunia mawili. Jana saa nane nje 32, ndani 28. Kalathea zimeshakwenda, okidi moja ina mzizi mpya wa kijani. Tatizo ni upepo, usiku neti inapiga kama tanga mwalimu halali. Nimekatisha waya wa mabati juu yake kila nusu mita, naona imetulia.

Vile vioo nimepata mteja wa madirisha Nkuhungu. Mwalimu amenilipa nusu ya deni. Nusu nyingine anasema nisubiri anturiamu itoe ua.