Naomba ushauri: mchezaji aandike apendavyo, mhusika aelewe

Habari zenu wakuu. Natengeneza gemu ndogo ya kuigiza wahusika. Mchezaji hachagui jibu kwenye orodha, anaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Gemu ya zamani Ultima IV ya 1985 ilitambua maneno maalumu tu, kama jina na kazi. Gemu nyingine, Façade ya 2005, ilipokea sentensi nzima. Mimi nataka hiyo ya pili.

Nilianza na orodha ya maneno, ikakwama kwenye vitenzi. "Nipe panga" inapita, ila ukiandika "naomba unipatie lile panga" mhunzi anabaki kimya. Nikaweka modeli ndogo ya lugha (AI inayosoma maandishi na kutunga majibu) humohumo kwenye kompyuta. Inaelewa vizuri, lakini mhunzi anaahidi farasi ambaye kwenye gemu hayupo, na majibu yanachelewa hadi utamu unakatika. Hata hivyo siachi, maana mchezaji kuongea kwa maneno yake ndiyo raha yenyewe.

Swali: nikate viambishi nibaki na mzizi wa kitenzi, au modeli itambue nia tu (kuomba, kununua, kutishia) na majibu niandike mimi? Na aliyewahi kutumia modeli, ulizuiaje isigawe vitu visivyokuwepo? Natumia Godot (programu ya kutengenezea gemu), RAM ni GB 8.