Tupeane uzoefu: Marathoni ya ugenini ikikukuta na joto usilolitarajia

Mwanzisha mada
Wakuu, swali ni lile lile kila msimu. Mtu amejiandaa kwa baridi, amelipia ndege na hoteli, halafu siku tatu kabla utabiri unasema nyuzi 28. Naomba wajuzi waweke mambo ya kufanyika, tusiishie kwenye "kunywa maji mengi". Wanaodhani ni jambo la nadra wakumbuke Chicago, 7 Oktoba 2007: joto lilifika nyuzi 31, baadhi ya vituo vikaishiwa maji, na mbio zikasimamishwa baada ya takriban saa tatu na nusu. London 2018 ilikuwa nyuzi 24 tu, ikawalemea wengi waliofanya mazoezi yote kwenye majira ya baridi.

Kocha, Arusha
La kwanza kabisa ni kuachana na ule muda uliopanga. Sehemu kubwa ya nishati ya misuli inageuka joto, na mwili hulitoa kwa kupeleka damu kwenye ngozi. Damu hiyo hiyo ndiyo misuli inayoihitaji, kwa hiyo mapigo ya moyo yanapanda ingawa kasi haijabadilika. Mwangalieni Ruth Chepngetich, Mkenya mkimbiaji wa marathoni: Januari 2019 alikimbia Dubai kwa 2:17:08, na Septemba mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia Doha kwa 2:32:43, mbio zilizoanza usiku wa manane kukiwa na nyuzi zaidi ya 30 na unyevu mzito. Walioanza walikuwa 68, waliomaliza 40. Ikiwa bingwa aliongeza dakika 15, wewe unayemaliza kwa saa nne usijidanganye. Tena wewe utakaa kwenye joto muda mrefu kuliko yeye.

Kwa nyuzi 26 hadi 28, ongeza sekunde 20 hadi 30 kwa kila kilomita, na uanze hivyo tangu kilomita ya kwanza. Kosa linaloharibu mbio nyingi ni kukimbia kumi za mwanzo kwa kasi ya zamani kwa kuwa asubuhi bado kuna ubaridi. Mwili ukishapata moto haupoi tena huku unakimbia.

Kwa wanaokwenda Chicago kuna mtego mwingine: maghorofa ya katikati ya jiji huvuruga saa za GPS, saa ikakuonyesha kasi ya uongo. Fuata vibao vya barabarani, navyo vimeandikwa kwa maili. Zidisha kasi yako kwa 1.61: dakika 6:10 kwa kilomita ni kama 9:55 kwa maili. Iandike kwenye mkono kabla ya kuanza. Kivuli cha maghorofa nacho kipo mwanzoni. Ukishapita Chinatown, karibu maili ya 21, jua linakupata sawasawa.

Mdau, Muscat
Niongezee hapo kwa kocha. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto, kila siku dakika 60 hadi 90 za mazoezi mepesi juani. Anayeishi Dar au Mombasa tayari analo hilo. Wa Iten au Arusha asidhani jua la mlimani linatosha. Kama huwezi kwenda kwenye joto, baada ya mazoezi jitumbukize kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 kwa dakika 30 hivi, siku sita mfululizo, na uwe na mtu karibu kwa sababu kizunguzungu kipo. Zoezi likianza siku tatu kabla ya mbio limechelewa. Hapo kilichobaki ni kupunguza kasi.

Pia tazameni bendera za tahadhari za mbio za Chicago: kijani, njano, nyekundu, nyeusi. Nyekundu ni hatari kubwa, nyeusi mbio zinasimamishwa.

Muuguzi, Dar
Ndugu zangu, kiasi cha maji kinapimwa, hakikisiwi. Jipime uzito bila nguo, kimbia saa moja kwenye joto, jifute jasho, jipime tena. Mfano: 65.0 kabla, 64.1 baada, na ulikunywa mililita 400. Basi unapoteza lita 1.3 kwa saa. Hutarudisha zote, tumbo halipokei kiasi hicho ukiwa unakimbia. Lengo ni kutopoteza zaidi ya asilimia 2 hadi 3 ya uzito, na kutoongezeka hata kidogo. Anayekunywa maji matupu kila kituo anaweza kushusha chumvi ya damu: vidole na pete vinabana, kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa. Huyo kumwongezea maji ni kumuua.

Pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) za zahanati zinafaa sana. Changanya pakiti ya lita moja kwenye lita moja kamili, maana ukizidisha ukali unaharisha njiani. Nusu lita jioni, nusu lita saa mbili kabla ya kuanza.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni msizimeze kabisa siku hiyo. Zinaumiza figo ambazo tayari zinakosa damu.

Na mkimwona mwenzenu anayumba, anajibu ovyo au amekuwa mkali bila sababu, msisubiri jasho likauke, kwani mwenye kiharusi cha joto (mwili umepata moto kupita kiasi) anaweza kuwa amelowa kabisa. Mtoeni juani, iteni wahudumu, azamishwe kwenye maji ya barafu hapo hapo. Kumpoza kwanza, hospitali baadaye. Mpaka nusu saa ipite madhara yanakuwa makubwa.

Mdau, Mombasa
Dogo dogo: kapelo nyeupe, na barafu chini yake kila ukiipata. Barafu nyingine ifunge kwenye leso shingoni. Maji mwagia kichwa na shingo ukiwa umeinama mbele, yasishuke kwenye raba. Soksi zikilowa, kilomita ya 30 una malengelenge. Mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kwenye chuchu, mengi kuliko kawaida.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Muuguzi, hiyo ya ORS na jeli (zile pakiti za sukari nzito za kula njiani) zikikutana tumboni inakuwaje?

Muuguzi, Dar
ORS iishie kabla ya kuanza, mkuu. Njiani jeli imezwe kwa maji matupu, kamwe si kwa kinywaji cha sukari. Chicago kinywaji hicho ndicho kinachotangulia kwenye kila kituo na maji yapo kwenye meza zinazofuata, kwa hiyo usinyooshe mkono kwenye meza ya kwanza.