Naomba ushauri: makadirio yalisema 9,500, nimelipa 16,000

Mkaa Tabata: Wakuu, habari za jioni. Jumatatu asubuhi nilimpeleka mama kliniki Muhimbili kwa teksi ya kuita kwa simu. Kabla ya kupanda, programu ilikadiria shilingi 9,500, lakini tuliposhuka simu ilionyesha 16,000. Kwa kuwa tutakwenda kila wiki, naomba mnieleze namna ya kukadiria nauli.

Mama Nuru: Pole kwa kuuguza. Mimi Uber iliposimamisha huduma zake Aprili 2022, kwa sababu ya ukomo wa asilimia 15 uliowekwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa kamisheni ambayo kampuni humkata dereva, nilirudi kwenye daladala na sijajuta.

Dereva Mstaafu: Nauli hujengwa na kiasi cha kuanzia, kilomita na dakika, kisha hupanda pale wanaoita wanapokuwa wengi kuliko magari yaliyo karibu. Fungua programu siku tatu mfululizo, saa ileile, bila kuita gari; andika bei, kisha upange bajeti kwa ile ya juu. Je, mlimsubirisha dereva mahali?

Mkaa Tabata: Hatukusimama popote. Ila dereva aliniomba nifute safari ili asikatwe kamisheni, nami nikakubali. Ni mtu wa heshima, alimshika mama mkono hadi mlangoni, na nimeshamtangulizia nauli za wiki mbili.

Kiguu na Njia: Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, kaka, na gunia umelinunua mwenyewe.

Msomaji Makini: Hadithi hii ina tundu. Safari iliyofutwa haitoi bei wakati wa kushuka. Hiyo 16,000 ilionekana kwenye simu gani? Nashuku mleta uzi ni dereva anayetupima.

Mkaa Tabata: Simu ilikuwa yake. Alifungua kikokotoo akajumlisha mbele yangu: 9,500, kisha 4,500 ya foleni ya Buguruni, kisha 2,000 ya kurudi bila abiria.

Dereva Mstaafu: Sasa tunaelewana. Makadirio ya 9,500 tayari yalikuwa na dakika za foleni ndani yake, kwa hiyo umelipia Buguruni mara mbili. Na hiyo ya kurudi bila abiria tulikuwa tukiidai enzi za teksi za kijiweni. Jumatatu ijayo fungua programu mbele yake kabla mama hajapanda, mkubaliane kwa bei itakayotoka, na ulichomtangulizia akikate humo.