Lamu au Malindi kwa mtu anayekwenda kula? Siku nne tu

MsafiriNakuru
Habari zenu humu. Mimi na rafiki yangu tumekuwa tukiizunguka Kenya kwa ajili ya chakula tu, tulianza Kisumu na samaki wa ziwani, tukaenda Kakamega kwa kuku wa kienyeji, sasa imebaki pwani. Mombasa tunaijua. Tuna siku nne na tunataka tuchague mji mmoja, Lamu au Malindi, tiketi ya basi nakata Ijumaa. Wapi tutakula vizuri zaidi?

MwanaAmu
Lamu, ndugu yangu, ndooni Amu mule mpaka mchoke. Asubuhi mahamri ya moto na mbaazi za nazi, saa nne viazi vya karai na bajia, mchana wali na samaki wa kupaka, usiku mishkaki ya mkaa. Na usiondoke bila kula mkate wa mofa, ule mdogo wa unga wa mtama unaookwa kwenye jiko la udongo, ukipoa unakuwa mgumu kwa hivyo ule pale pale na mchuzi. Mji mzima unautembea kwa miguu kwenye vichochoro, unafuata harufu tu.

ShangaziMalindi
Ngoja kwanza jamani, mbona mnampakulia mgeni kabla hajasema anakula nini? Mwanangu, mnakuja mwezi gani? Bajeti ngapi? Mwenzako ana miiko yoyote?
Ila kwa maoni yangu njooni Malindi. Mnataka kuonja nchi, hapa mtaionja yote kwa siku moja. Mchana unakula sima na mutsunga kwa Wagiriama, zile mboga chungu zikitiwa tui la nazi uchungu unatulia lakini hauishi, na ndio utamu wake. Usiku unakula piza iliyookwa kwa kuni. Waitaliano wameanza kuhamia hapa tangu miaka ya 1970 na vijana wetu wamefanya kazi kwenye jikoni zao hadi wakawa mafundi, pasta sasa watoto wa hapa wanaijua kama wanavyojua chapati.

MwanaAmu
Shangazi kwa heshima zote, mtu asafiri kutoka Nakuru aje pwani kula piza?

ShangaziMalindi
Sikusema piza peke yake, soma tena mwanangu.

DauLaKusi
Mimi ni mvuvi. Hilo la mwezi mmelipita haraka na ndilo kubwa. Upepo wa kusi ukikaza, Juni mpaka Agosti, bahari inachafuka, madau madogo hayatoki nje ya mwamba, samaki wanapungua na bei inapanda, Malindi na Lamu sawasawa. Mkija wakati wa upepo wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, mtakula nguru, kolekole na changu mpaka mkinai. Sema mnakuja lini.

MsafiriNakuru
Samahani wakubwa. Mwanzo wa mwezi wa saba. Bajeti elfu tano kwa siku sisi wawili, malazi mbali. Halafu nilisahau kusema, mwenzangu hali kamba wala kaa, akila midomo inamvimba.

ShangaziMalindi
Hilo ndilo ulitakiwa uanze nalo! Kutokula kamba hakutoshi, uliza mafuta. Karai lililokaanga kamba asubuhi ndilo linalokaanga viazi jioni. Mwambieni mpishi mwenyewe, si weita, na dawa zake ziwe mfukoni.

Mpwani_Nairobi
Kwa kuwa mmegusa mambo ya kuvimba naomba niseme yaliyotupata, ni marefu mnivumilie. Mwaka juzi nilikuwa kwenye mji mmoja wa pwani hii hii, sitautaja wala hoteli sitaitaja, na rafiki yangu ambaye hajawahi kudhurika na samaki maisha yake yote. Tukaagiza jodari wa kuchoma, saa nane mchana, jua kali. Alipotia tonge la kwanza akasema samaki ana pilipili manga kwenye ulimi, mimi nikaonja pembeni nikaona kawaida tu, akaendelea kula. Haikufika nusu saa uso ukawa mwekundu mpaka masikioni, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, nikajua huyu anakufa mikononi mwangu. Tukapanda tuktuk mpaka zahanati. Daktari akatuuliza swali moja, mmekula samaki gani? Tulipomwambia akatulia, akatueleza kwamba jodari akikaa juani bila barafu vijidudu vinatengeneza histamini kwenye nyama yake, na hiyo histamini moto hauiui, uchome ukaushe bado ipo. Kwa hiyo si mzio wa samaki, ni samaki aliyekaa. Akapewa dawa, baada ya masaa machache akawa sawa. Tangu siku ile ulimi ukiniwasha kwenye samaki natema, sijali nani ananitazama.

DauLaKusi
Umesema kweli kaka. Jodari na nguru ndio wa kuogopa wasipowekwa barafu mapema. Funua matamvua, yawe mekundu, bonyeza nyama irudi. Jicho peke yake linadanganya.

ShangaziMalindi
Pole sana kwa mwenzako.

NaziMbili
Mimi naona mnabishana mji na mji wakati jambo ni nazi. Popote mtakapoenda ulizeni kama nazi imekunwa hapo hapo. Bibi yangu kule Shela, kijiji cha Lamu, alikuwa anakaa juu ya mbuzi ya kukunia, nazi mbili, anakamua kasimile, lile tui zito la kwanza, anaiweka pembeni, wali unapikwa kwa tui jepesi kwanza, kasimile inaingia mwisho, anafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Ule ukoko wa juu tulikuwa tunaugombania. Tui la pakiti halitoi ukoko ule, nimejaribu sana.

MwanaAmu
Hapo umenigusa. Na mahamri yasiyo na tui na iliki hayo ni mandazi, tusichanganye.

Mpwani_Nairobi
Mandazi yana kosa gani? Na chai ya maziwa asubuhi?

MwanaAmu
Hayana kosa ila si mahamri. Hamri ukilipasua ndani pana uwazi, unajaza mbaazi humo.

DauLaKusi
Turudi kwa mgeni. Basi la Lamu linapita Malindi hata hivyo. Laleni Malindi usiku mmoja, asubuhi endeleeni Mokowe, gati la upande wa bara, ni kama kilomita 220 na vizuizi vya polisi vipo kwa hivyo vitambulisho mkononi, halafu boti mpaka mjini.

ShangaziMalindi
Siku nne ukatoe mbili za barabarani? Huyo atakula saa ngapi? Akae mji mmoja.

NaziMbili
Au waahirishe mpaka Desemba, samaki wawepo.

MsafiriNakuru
Likizo ya mwenzangu ni mwezi wa saba tu, haisogei. Nimemsomea yote haya na yeye sasa anataka mutsunga na mofa, vyote viwili. Shangazi, mutsunga inapikwa na samaki wowote ndani au ni mboga tupu? Nauliza kwa ajili ya midomo yake.