Naomba ushauri: kukadiria umri wa mwili kwa kompyuta nikiwa Bukavu

Jambo wandugu. Ninasoma biolojia hapa Bukavu. Bibi yangu wa Kadutu hana cheti cha kuzaliwa. Kwenye kadi yake waliandika 1940 kwa kukisia tu, na bado anapanda mlima na kikapu mgongoni. Ndiyo maana nimevutwa na "saa" ya mtafiti Steve Horvath ya 2013: programu inasoma alama za kemikali kwenye sehemu 353 za DNA, inakadiria umri, na kwa kawaida inakosea miaka 3.6 hivi.

Kompyuta yangu ina memori ya gigabaiti 4, umeme unakatika kila jioni. Nianze na data za bure za intaneti, au kwanza takwimu? Na saa iliyofundishwa zaidi kwa watu wa nchi nyingine, nitaihakikishaje kwa wazee wetu? Aliyepita njia hii anisaidie, tafadhali.