Mjadala: Kaizen itashikaje katika viwanda vinavyoendeshwa na vibarua?

Mleta mada (Jinja): Ndugu wachangiaji, kila mfumo wa kaizen, yaani mtindo wa Kijapani wa kuboresha kazi hatua kwa hatua, unapokwama katika viwanda vyetu vya nguo, lawama huwaendea wafanyakazi, kwamba hawataki mabadiliko. Mimi naona kizuizi kikubwa kimo katika namna wanavyolipwa. Katika kikundi cha kazi cha mfumo huu, mashine za kukata, kushona na kupiga pasi hupangwa karibu karibu kwa umbo la herufi U, nguo ikapita kutoka mkono hadi mkono, na kila mmoja akatakiwa kuijua kazi ya jirani yake. Fundi anayelipwa kwa idadi ya kola alizoshona ataiachaje cherehani yake akamsaidie aliyekwama? Kanuni za ajira za Uganda za 2011 haziruhusu mtu kuwa kibarua kwa zaidi ya miezi minne, lakini wapo wanaopumzishwa kidogo kisha wakaitwa upya, na kima cha chini cha mshahara kingali shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984! Toyota ilimpa mfanyakazi wa kawaida kamba ya kusimamisha kazi anapoona kasoro. Kibarua wetu akiivuta, anajua huenda kesho asiitwe getini.

Mchangiaji (Kampala): Hoja yako ina uzito, ila umemsahau mwenye kiwanda. Malighafi nyingi hutoka bandari ya Mombasa, zaidi ya kilomita 1,000, na malori yakikwama Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, asiye na akiba ya malighafi, kama mfumo huu unavyotaka, hufunga kazi. Umeme nao hukatika. Zaidi ya hayo, akiwafanya vibarua kuwa wa kudumu kisha oda zikapungua, atawalipa kwa fedha zipi?

Mleta mada: Suala la oda ni zito, nakiri. Kuhusu Mombasa, tutofautishe akiba ya ghalani na marundo ya kazi nusu nusu yanayolala kati ya mashine moja na nyingine. Ya kwanza inaweza kubaki kubwa huku ya pili ikipunguzwa, kwa kuwa marundo hayo ndiyo yanayoficha kasoro mpaka nguo mamia ziwe zimekwisha kuharibika. Pendekezo langu ni kwamba, kabla ya kuhamisha mashine hata moja, kikundi kiwekewe ujira wa siku usiopungua, pamoja na nyongeza ya pamoja kwa nguo zilizokamilika bila kasoro.

Mchangiaji (Kampala): Na fundi mwepesi, ambaye kwa malipo ya kola alikuwa akipata zaidi ya wenzake, atakubali kugawana nao sawasawa?